Mikoko ya Pwani Yetu ya Kusini

Yamkini utashangaa kuona ya kuwa insha juu ya miti ya baharini inaanzia Kikoneni. Kikoneni si mji wa pwani. Ni nchi ya vilima na mashamba, yenye mahindi, minazi na mikorosho, na mtu akaaye huko aweza kupitisha wiki nyingi bila ya kuiona bahari. Maji anayoyajua ni ya mvua, ya mto na ya kisima. Akisikia habari za mikoko husema moyoni mwake: "Hayo ni mambo ya watu wa Gazi, wa Funzi na wa Vanga. Mimi yanihusu nini?"

Swali hilo ni la haki, na insha hii yote ni jibu lake. Nataka tuisome pamoja historia ya misitu hiyo, tuone ni nani aliyeikata, kwa haja gani, na ni nani aliyelipa gharama. Mwishowe, natumaini, utakubaliana nami katika jambo moja: mara nyingi msitu wa mikoko uliharibika pale shoka liliposhikwa kwa haja ya mtu aliye mbali, asiyejua jina la mti ule, na asiyekuwapo siku bahari ilipokuja kudai. Mtu huyo wa mbali alikuwa mfanyabiashara wa ng'ambo. Baadaye akawa mwenye tanuri la Mombasa. Na leo aweza kuwa mimi au wewe.

Tuanze kwa kuujua mti wenyewe. Tunaposema mikoko twataja kwa jumla miti inayoota katika tope la chumvi, mahali ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Lakini wenyeji wa pwani hawakuichanganya. Katika Kenya iko miti ya namna 9, na kila namna ina jina lake na kazi yake. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi iliyopindana kama miguu ya buibui. Hutoa boriti ngumu, na kuni zake zina moto mkali. Mkandaa hutoa fito na nguzo zilizonyoka, na gome lake hutumika kutia rangi na kutengenezea ngozi. Mlilana husimama mbele kabisa, uso kwa uso na mawimbi, na mafundi wa vyombo huupenda kwa kufanyia mataruma. Mchu huvumilia chumvi kupita wenzake, hata huweza kuishi mahali ambapo miti mingine hunyauka. Kuna na muia, na mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo, na msikundazi, na kikandaa. Lugha yenye majina mengi hivi kwa miti ya matope ni ushahidi ya kuwa watu wake waliijua kazi ya kila mti.

Yatazame pia maajabu ya uzazi wake. Mbegu ya mkoko haianguki ikiwa mbegu tu. Huchipuka ingali juu ya mama yake, ikarefuka kama mkuki mwembamba, na siku yake ikifika hukatika ikaanguka. Maji yakiwa yamekupwa, huenda ikajichoma katika tope chini ya mama yake, ikaota papo hapo. Maji yakiwa yamejaa, huelea na kwenda kutafuta makao mengine. Kwa hiyo mtoto wa mkoko ahitaji vitu viwili: mama aliye karibu, na tope lililotulia. Liweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji mbele.

Msitu huu una faida zaidi ya mbao na kuni. Mizizi yake hulishika tope lisichukuliwe, hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajaufikia ufuo, na katikati ya mizizi hiyo kamba, kaa na samaki wachanga hujificha na kukua. Mvuvi atupaye wavu nje ya ghuba anavuna sehemu ya kile kilicholelewa na mikoko ndani ya ghuba.

Sasa tuingie katika historia. Biashara ya miti hii ni ya kale sana. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika ya kuwa nyumba za Siraf, bandari ya kitajiri katika Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zinji, yaani pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki. Jambo hilo si gumu kulielewa. Nchi za Ghuba zina mchanga, mawe na jua, lakini miti ya kuezekea ni haba. Huku kwetu ulikuwapo mti ulionyoka, mgumu, usioliwa upesi na mchwa, ambao ulikatwa kando ya maji na kupakiwa chomboni papo hapo. Kazi ya kuunganisha nchi hizi mbili ikafanywa na pepo. Majahazi yalikuja na kaskazi yakileta tende, chumvi na mazulia, yakangoja mpaka kusi ianze kuvuma, kisha yakarejea na shehena ya boriti.

Biashara hiyo ilikuwa na vipimo vyake. Miti ilipangwa kwa unene, tangu fito na pau hata mazio, boriti na nguzo, na ilihesabiwa kwa korija, ambayo ni miti 20. Misitu iliyotoa shehena kubwa ilikuwa ya Lamu na ya milango ya mto Rufiji. Pwani yetu ya kusini ilikuwa na sehemu iliyo ndogo. Baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri mwaka wa 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait, akaandika jinsi mabaharia walivyokwenda Rufiji kupakia miti katika matope, joto na mbu. Miti ile ilikuwa ikienda kuezeka nyumba za Ghuba. Hata nyumba zetu wenyewe zilimtii mkoko. Ukiingia katika nyumba ya mawe ya zamani katika Lamu au Mombasa, utaona ya kuwa vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi. Sababu ni urefu wa boriti. Fundi hakuweza kukifanya chumba kipana kuliko mti uliobeba dari yake, na hivyo mti wa matopeni ukaamuru namna ya kuishi ya watu wa mjini.

Je, biashara hiyo ya karne nyingi iliumaliza msitu? La, haikuumaliza; na sababu yake moja ni kwamba mkataji alichagua. Aliyehitaji boriti alitafuta mti wenye unene wa boriti, akauacha mwembamba kwa kuwa haukuwa na bei yake, akauacha na ule mnene uliomshinda kubeba. Palibaki mama wa kuzaa na watoto wa kukua. Lakini tusiwafanye wazee wetu kuwa malaika. Ukichagua kila mwaka miti iliyonyoka ukaiacha iliyopinda, baada ya miaka mingi msitu hubaki na iliyopinda, na mzigo ukizidi hata msitu mkubwa huchoka. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje mwaka wa 1982, ilikuwa imekwisha kuona ya kuwa mahitaji ya ng'ambo yalikuwa makubwa kuliko uwezo wa msitu.

Hapa turudi nyumbani, katika pwani ya Kwale, tuulize swali lingine: mikoko ilikuwa mali ya nani? Wadigo, kama jamaa zao wengine wa Mijikenda, walikuwa na misitu waliyoilinda kwa miiko, nayo ni makaya. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ingali imesimama mpaka leo, na mwaka wa 2008 iliingizwa pamoja na makaya mengine katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika kaya kulikuwa na wazee na mwiko, na kila mtoto aliujua mpaka wake. Msitu wa bahari haukuwa na ulinzi wa namna ile. Ulilindwa zaidi na uchache wa watu, na uzito wa kazi yenyewe ya kukata mti ukiwa umezama tope hata magotini.

Karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, Gazi ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, mtu aliyepigana na utawala wa Sultani wa Unguja na kisha wa Waingereza. Vita vyake vya mwisho vilianza mwaka wa 1895, na mwaka wa 1896 alishindwa akavuka mpaka kuingia katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Baada yake amri juu ya pwani ile ilishikwa na maofisa, na maofisa hutawala kwa karatasi. Mwezi wa Aprili 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza ya kuwa misitu yote ya mikoko katika Kenya ni misitu ya serikali. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, tangazo hilo lilithibitishwa.

Fikiri maana ya tangazo hilo kwa mtu wa Gazi. Jana alikwenda matopeni kukata fito za nyumba yake. Leo fito zile ni za serikali, naye ahitaji ruhusa. Sheria ilikuwa na nia ya kuhifadhi, na hatuna budi kuisifu nia hiyo, kwa kuwa palipo na biashara kubwa pasipo sheria hubaki visiki. Lakini ilizaa pia jambo lisilokusudiwa. Mwenye msitu alikuwa mbali, ofisini, na mlinzi wake alikuwa mmoja kwa maili nyingi za pwani. Yule aliyekuwa karibu, aliyeweza kusikia kila shoka likilia, hakuwa tena mwenyewe. Mtu hulinda chake. Cha mwingine hukitazama tu. Hivyo siku mkataji mkubwa alipokuja na kibali mkononi, mwanakijiji hakuwa na neno la kumzuia.

Siku hiyo ilifika. Katika miaka ya 1970 viwanda vya chokaa na vya matofali katika Mombasa vilihitaji kuni nyingi. Tanuri la chokaa halishibi; hutaka moto mkali usiokatika, usiku na mchana. Hakuna kuni za pwani zilizofaa kazi hiyo kama mkoko, kwa kuwa ni mzito na moto wake hukaa. Ghuba ya Gazi ilikuwa na mikoko mingi, nayo haiko mbali na Mombasa. Basi miti ikakatwa kwa ajili ya matanuri.

Angalia tofauti ya mahitaji haya na yale ya zamani, maana hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Mjenzi hutaka mti ulionyoka wenye unene fulani, tanuri halichagui. Kwa tanuri mti mnene na mwembamba, ulionyoka na uliopinda, mama na mtoto, yote ni kuni. Kwa hiyo badala ya kupunguza msitu, wakataji waliukata wote katika sehemu nzima nzima, mpaka jua likaliona tope ambalo halijapata kuliona kwa karne nyingi.

Watu walidhani msitu utaota tena wenyewe, kama kichaka cha nchi kavu kinavyoota baada ya mvua. Haukuota. Na wewe msomaji waweza kueleza kwa nini, ikiwa umekumbuka niliyokuambia juu ya uzazi wa mkoko. Mama hawakuwapo wa kuangusha mbegu. Mbegu zilizoletwa na maji kutoka mbali hazikupata mizizi ya kuzizuia, zikachukuliwa tena na maji yaliyokupwa. Matawi na magogo yaliyoachwa yalivingirishwa na mawimbi huku na huku, yakaing'oa ile miche michache iliyoanza kushika. Tope lililokuwa kivulini likachomwa na jua, chumvi ikazidi ndani yake, na mahali pengine mchanga ukalifunika. Zaidi ya miaka 10 ikapita na sehemu zile zilikuwa zingali tupu.

Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo ni ya kweli katika nyumba na katika ukoo. Lakini katika biashara ya msitu huenda kinyume. Aliyechuma janga la Gazi alikula chokaa na matofali katika Mombasa, na nyumba zilizojengwa kwa chokaa ile zilikaliwa na watu wasiojua Gazi iko wapi. Janga lenyewe likabaki ghubani. Mawimbi yaliukaribia ufuo bila ya kizuizi. Fito za kujengea zikawa haba kwa watu walewale ambao babu zao walizikata karibu na mlango. Samaki wachanga walipoteza pa kujificha, na mvuvi mdogo, asiye na chombo cha kwenda mbali, ndiye aliyehisi upungufu huo kwanza.

Wala Gazi haikuwa peke yake. Kaskazini ya Malindi, katika upande wa Ngomeni, mikoko iliondolewa kupisha mabwawa ya chumvi. Katika hori ya Makupa, Mombasa, mafuta yaliyomwagika mwaka wa 1988 yaliua mikoko, kwa kuwa mafuta huiziba mizizi inayovuta hewa. Kila mahali twaona sura ileile: faida huenda upande mmoja, na hasara hukaa upande mwingine.

Hapo ndipo ninapofika Kikoneni, kama nilivyoahidi. Hata sasa nimesema juu ya shoka. Lakini liko jambo jingine liuwalo mikoko bila ya shoka, nalo hutoka nchi ya juu. Mikoko mingi hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Mizizi ya mchu husimama wima kama penseli zilizochomekwa, nayo huvuta hewa maji yakipwa. Udongo mwingi ukija kwa ghafula na kuifunika mizizi hiyo, mti hufa kwa kukosa pumzi, ingawa hakuna aliyeugusa. Jambo hilo lilionekana wazi katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa. Mvua kubwa za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998 zilichukua udongo kutoka mashamba na miteremko ya nchi ya juu, zikaumwaga horini, na mikoko mingi ikakauka ikiwa imesimama.

Sasa itazame ramani ya Kwale. Mto Ramisi hutelemka kutoka upande wa vilima vya Shimba, hupita nchi ya mashamba, na kuingia baharini katika ghuba ya Funzi, ambako pana msitu mkubwa wa mikoko. Mto Umba hutoka mbali zaidi, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, nao humwaga maji yake karibu na Vanga. Maji hayajui mpaka wa wilaya wala wa dola. Kila kijiko cha udongo kinachoondoka katika shamba la mteremkoni kina safari yake, na mwisho wa safari hiyo ni penye mizizi ya mikoko.

Sisemi ya kuwa shamba la Kikoneni limeua msitu wa Funzi. Kusema hivyo pasipo ushahidi kungekuwa dhuluma. Nasema ya kuwa lililotokea Mwache laweza kutokea popote pale ambapo mto hupita kati ya mlima uliolimwa vibaya na bahari yenye mikoko. Mkulima anayelima kwa kufuata mteremko, asiyeweka matuta, anayekata majani yote ya ukingo wa mto ili apate safu mbili zaidi za mahindi, hupoteza mara mbili. Hupoteza udongo wake mwenyewe, ambao ndio mali yake, na mali hiyo iliyompotea huenda kuwa mauti kwa watu wa bahari. Hasara ya mkulima na hasara ya mvuvi ni udongo mmoja. Basi mkulima hahitaji kuacha kulima kwa sababu ya mvuvi. Kinachomfaa yeye shambani ndicho kinachomfaa mwenzake ghubani.

Na sasa niieleze sehemu ya historia hii iliyo na furaha, kwa maana ipo. Mwaka wa 1991 kazi ya kupanda upya mikoko ilianza katika ghuba ya Gazi, ikiongozwa na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, hasa mtaalamu James Kairo, pamoja na wanakijiji. Walikwenda penye zile sehemu tupu zilizokatwa kwa ajili ya matanuri. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuinama: kuokota mbegu zilizokomaa, kuzikuza nyingine katika vitalu, na kuzichomeka katika tope moja moja wakati wa maji kupwa. Iliwabidi pia kujifunza adabu za kila mti. Mlilana hupandwa mahali pa mlilana, na mkandaa mahali pa mkandaa. Ukiulazimisha mkoko kukaa mahali pasipo pake kwa sababu tu mbegu yake ni rahisi kuokota, umepoteza mbegu na siku yako. Miche iliyotunzwa vema ilishika, ikakua, na leo sehemu zilizokuwa tupu zina msitu.

Sheria nayo ilibadilika. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2005, na ile iliyoifuata mwaka wa 2016, ziliwapa wanakijiji nafasi ya kuunda vyama vyao na kushirikiana na serikali katika ulinzi wa misitu. Msitu uliendelea kuwa wa umma, lakini mtu wa karibu alipewa tena neno. Kwa njia hiyo vijiji viwili vya Gazi na Makongeni vilianza mwaka wa 2013 mpango uitwao Mikoko Pamoja. Mpango huo hulinda hekta 117 za mikoko, nao umejengwa juu ya elimu ambayo wazee hawakuwa nayo. Wataalamu wamegundua ya kuwa mikoko huvuta kaboni kutoka hewani na kuizika katika tope kwa muda mrefu sana. Na kaboni hiyo ikizidi angani ndiyo inayoongeza joto la dunia. Basi wako watu na makampuni wa nchi za mbali wanaokubali kulipa ili msitu usikatwe na kaboni ibaki matopeni. Hesabu ya Gazi ni tani 3,000 hivi kila mwaka. Fedha zinazopatikana, baada ya kulipia ulinzi na upandaji, hutumika kwa mambo ya vijiji, kama maji ya kunywa na mahitaji ya shule. Mwaka wa 2017 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa, Equator Prize. Akina mama wa Gazi nao wana njia yao ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya mikoko, na wageni hulipa kupita. Upande wa kusini, watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata mfano huo katika hekta 460.

Msomaji mwangalifu ataniuliza: "Je, huyu anayelipa si mtu wa mbali vilevile? Jana alinunua mti uliokatwa. Leo ananunua mti uliosimama. Kuna tofauti gani?" Umeuliza vema, na tusilikimbie swali hilo. Tofauti ya kwanza yaonekana kwa macho: mti umesimama. Tofauti ya pili ni kubwa zaidi, lakini haijikai yenyewe, hutaka kulindwa. Wakati wa matanuri mwanakijiji hakuketi katika baraza lililoamua. Sasa anaketi, anaijua bei, na aweza kuuliza fedha zimekwenda wapi. Akiacha kuuliza, tofauti hiyo itakwisha, na mkataba wa mbali utamtawala kama kibali cha zamani kilivyomtawala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kadhalika tukumbuke ya kuwa watu wanaongezeka, na kila nyumba mpya hutaka nguzo na kuni. Asiye na nguzo nyingine atarudi matopeni usiku, na huwezi kumwita mwizi ukanyamaza hapo. Ndiyo maana watu wa Gazi wamepanda pia mivinje katika nchi kavu, ili mjenzi apate mti wake bila ya kuuomba kwa bahari.

Sasa nimelijibu swali la Kikoneni. Mkoko wa Gazi uliungua katika tanuri la Mombasa. Boriti za Rufiji ziliezeka nyumba za Kuwait. Udongo wa nchi ya juu uliziba pumzi ya mikoko ya Mwache. Katika historia yote hii mtu wa mbali hakuwa mbali kama alivyodhani.

Kwa hiyo nakuomba ufanye mambo matatu, yaliyo katika uwezo wa mwanafunzi. Kwanza, nyumba ikijengwa karibu nawe, uliza nguzo na fito zake zimetoka wapi, na muuzaji alizipata kwa ruhusa ya nani. Pili, mvua kubwa ikinyesha, nenda ukautazame mto. Maji yakiwa mekundu, ujue ya kuwa shamba la mtu linasafiri. Mwambie baba au mjomba wako kwa adabu, na umsaidie kuweka matuta kabla ya masika. Tatu, ukipata siku ya kwenda pwani, nenda Gazi au Funzi maji yanapokupwa, uingie matopeni. Tafuta mbegu ya mkoko iliyoanguka jana, ndefu kama mkuki, imesimama peke yake katika tope. Ikiwa imelala, isimamishe. Kisha rudi Kikoneni ukawasimulie wenzako uliyoyaona.